Kitana kinachong'oka meno: shajara ya chupa za mafuta, Tromsø

14 Septemba

Leo, hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, nimekabidhiwa ufunguo wa chumba baridi, basi mradi nauhesabu umeanza. Chumba chenyewe kina ukubwa wa jiko la nyumba ya kupanga, kuta za bati jeupe, na kipimajoto cha mlangoni kinasoma nyuzi 5 usiku na mchana. Humo nitakuwa naingia na kutoka hadi mwakani, nina chupa za maji ya bahari zilizotiwa mafuta ghafi, nione bakteria wanayafanya nini.

Kwenye karatasi za chuo swali limeandikwa kwa maneno marefu. Swali lililonileta hasa ni la mjomba wangu, mvuvi wa Chongoleani, Tanga, pale pale linapoishia bomba la mafuta kutoka Hoima. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe wa sauti:

"Mwanangu, hapa kijiweni kuna kijana anasema mafuta yakimwagika baharini hakuna neno, kuna wadudu wanayala mpaka yanaisha. Nikamwambia, mimi nimeona kwenye simu, kule Alaska meli ilipasuka mwaka 89 na miaka mingi baadaye watu wanafukua mawe ya ufukweni wanakuta mafuta chini. Hao wadudu walikuwa wapi? Hana jibu. Nikasema ngoja, tunaye mtu wetu huko kwenye baridi."

Nimemjibu kwamba jibu linakuja. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe ningejibu kwa haraka, "Mjomba, ni baridi tu." Jibu hilo ndilo ninaloanza nalo, na ndilo nitakalolipima.

22 Septemba

Maji tumechota kutoka kwenye bomba linalovuta chini kabisa ya fiodi, hori refu linaloingia kati ya milima. Hayajachujwa, hayajatiwa kitu. Torill, fundi wa maabara, kaniuliza kama nimeagiza bakteria. Alikuwa ananipima. Hawaagizwi, wamo tayari.

Hili lilinishangaza nilipoanza kusoma mambo haya. Maji safi ya bahari, mahali ambapo meli ya mafuta haijawahi kupita, yana bakteria wachache wanaojua kula haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na haidrojeni ambazo ndizo mafuta yenyewe. Siku zote wanaishi kwa kula nini? Sehemu ya jibu ni kwamba mafuta huvuja yenyewe kutoka chini ya bahari tangu zamani za zamani. Sehemu nyingine ni kwamba viumbe wenyewe wanatengeneza: bakteria wadogo wanaoishi kwa mwanga wa jua, Prochlorococcus na Synechococcus, huunda alkeini, haidrokaboni za mnyororo, za kaboni 15 na 17 ndani ya miili yao. Utafiti uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba duniani kote kiasi hicho kinafika mamia ya mamilioni ya tani kwa mwaka. Kwa hiyo mezani kuna makombo kila siku, na hawa wetu wanasubiri shughuli kubwa.

3 Oktoba

Jaribio la kwanza, chupa 12 tu, la kuzoeza mkono. Hesabu ni nyepesi: miligramu 20 za mafuta ghafi ya Bahari ya Kaskazini kwa kila chupa ya lita moja, kama mikrolita 24, navuta kwa sindano ya kioo nadondosha. Nje, mezani, tone linaanguka vizuri. Nikaingia chumba baridi, nikawa napanga chupa kama nusu saa sindano ikiwa rafuni. Nilipoanza, tone likagoma. Linatokeza nchani, linaning'inia, linavuta mkia kama asali, halafu badala ya kuanguka linapanda kandokando ya sindano. Nimefuta sindano ile mara tisa. Glavu zote nyeusi.

Mtu wa pwani hili analijua bila kwenda shule. Kipupwe kikiingia, mafuta ya nazi yanaganda meupe chupani, na mama anaitoa chupa juani kabla ya kumpaka mtoto. Chupa yangu mimi ya mafuta ya nywele huku imekuwa jiwe tangu Agosti. Na bomba la kwetu, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, limebuniwa lipashwe moto njia nzima, mafuta yakae kwenye nyuzi 50 hivi, kwa sababu mafuta ya Ziwa Albert, huko Hoima, yana nta nyingi na yakiachwa kwenye joto la kawaida yanasimama.

Maana yake ni kwamba baridi inaanza na mafuta kabla ya kumgusa bakteria. Mnato unapanda, mafuta hayagawanyiki kuwa matone. Nta inajitenga. Vile vitu vyepesi kama benzini na tuluini, ambavyo kwenye bahari ya joto vingeruka hewani mapema, vinabaki majini muda mrefu zaidi, navyo ni sumu kwa samaki na hata kwa bakteria wenyewe. Tena bakteria hawezi kuingia katikati ya tone, anakula kwenye uso wake tu. Mafuta yale yale ukiyavunja kuwa matone membamba mara kumi, uso wa kulia unaongezeka mara kumi. Ndiyo kazi ya zile dawa za kutawanya mafuta: ni sabuni za aina yake.

20 Oktoba

Matokeo ya chupa 12 ni aibu, nayaandika hivyo hivyo.

Kila seti ina chupa zilizouawa. Unatia kloridi ya zebaki, bakteria wote wanakufa, kinachobaki ni maji na mafuta. Torill anaziita chupa za maiti. Chupa ya maiti ikipoteza mafuta, basi hakuna aliyekula; yamepotea kwa njia nyingine. Zangu zimepoteza. Alkeini zote fupi hazionekani, sawa sawa na kwenye chupa hai.

Niweke hapa jinsi tunavyosoma, nisije nikasahau. Mafuta yakipita kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inatoka chati. Alkeini nyoofu zinajipanga kwa urefu wa mnyororo, kaboni 10, 11, 12 kuendelea, kila moja na kilele chake chembamba, kwa nafasi sawa. Ni kitana kabisa, kitana cha kuchania nywele kimesimamishwa meno juu. Bakteria wakila, meno yanang'oka. Tatizo ni kwamba meno ya upande wa kushoto, yale mafupi, yanang'oka pia kwa kuruka hewani tu.

Ndiyo maana unatazama majirani. Kando ya kaboni 17 kuna jino la pristeini. Pristeini inachemka karibu sawa na heptadekeini, yaani hiyo ya kaboni 17, hivyo kama ni uvukizi zitapungua pamoja. Lakini mnyororo wake una matawi, na bakteria hupendelea kumaliza ule mnyoofu kwanza. Heptadekeini ikishuka huku pristeini imesimama, kuna mlaji. Mbali zaidi, kulia kabisa, kuna hopeini, molekuli ya pete tano ambayo karibu hakuna anayeigusa, na vyote vinapimwa dhidi yake. Kinachonifurahisha ni asili yake: hopeini inatokana na ngozi za bakteria waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Waliokufa zamani ndio mizani ya kuwapimia hawa wa leo.

Kosa langu: nilijaza chupa nusu. Nusu ya juu ilikuwa hewa, na vitu vyepesi vilihamia huko, kisha vikanywewa na mpira wa ndani ya vizibo. Msimamizi wangu hakusema kitu, alichukua kizibo akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka kituo cha mafuta.

(Hapa kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, hata profesa. Mdomo wangu unakataa. Nimekaa wiki sita nikianza sentensi bila kumwita jina.)

9 Novemba

Seti ya pili. Vizibo vipya vyenye utando wa tefloni. Chupa zimejazwa mpaka shingoni, hakuna hata kiputo. Nne kwa nne: za nyuzi 5, za nyuzi 5 na mbolea (nitreti na fosfeti), za nyuzi 15, na za maiti. Mafuta miligramu 20 kama mwanzo. Nimezifunga kwenye gurudumu linalozizungusha polepole, matone yasipande yakakaa juu. Gurudumu linalia kama kisima cha kamba.

16 Novemba

Siku ya 7. Za nyuzi 15 zimeanza kuwa na ukungu wa bakteria. Za nyuzi 5 ni maji tu.

7 Desemba

Siku ya 28. Jua lilizama wiki mbili zilizopita na halitachomoza mpaka Januari. Saa sita mchana kuna mwanga wa buluu kidogo, kisha usiku tena. Nimeingia chumba baridi saa tatu asubuhi nikiwa na uhakika wa kuona vitana vibogoyo.

Vitana vina meno. Yamepungua kidogo, heptadekeini imeinamia pristeini, halafu basi. Na cha ajabu, chupa za nyuzi 15, zilizoanza kwa kasi, zimesimama pale pale zilipo za nyuzi 5. Zenye mbolea nazo ni hivyo hivyo. Kama baridi ndiyo iliyowazuia, za nyuzi 15 zimezuiwa na nini?

Nikakaa na chati saa nzima. Torill akapita, akatazama, akasema neno moja tu: "Oksijeni?" Akaenda zake kunywa kahawa.

Nikatia kipimo kwenye chupa moja hai. Karibu sifuri. Nyingine. Karibu sifuri. Ya maiti: kama siku niliyoifunga.

Hesabu ambayo ningeifanya Septemba nimeifanya leo, nyuma ya karatasi ya risiti. Kuunguza miligramu moja ya haidrokaboni mpaka iwe kaboni dayoksaidi na maji kunahitaji oksijeni miligramu 3 na kitu. Miligramu 20 zinataka zaidi ya 60. Lita moja ya maji ya bahari ya nyuzi 5 inabeba miligramu kama 10. Yaani niliwaandalia karamu ya watu 60 kwenye chumba chenye hewa ya watu 10, nikafunga mlango, nikaweka mbolea juu yake ili wale zaidi. Kwa kukimbia kosa la Oktoba, la hewa nyingi, nimeangukia la hewa hakuna.

Nilikasirika mpaka saa nane. Halafu nikafungua makala za Alaska nilizokuwa nimeziweka kando, nikaanza kuzisoma upya kwa jicho la chupa hizi.

Meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh Reef, Prince William Sound, tarehe 24 Machi 1989. Zilimwagika galoni kama milioni 11, lita milioni 40 hivi. Kiangazi hicho na kilichofuata walinyunyiza mbolea fukweni, moja ya maji ikiitwa Inipol EAP22 na nyingine ya punje ikiitwa Customblen, ili kuwaongezea bakteria naitrojeni na fosforasi. Ilisaidia. Mafuta yaliyokuwa juu ya mawe yalipungua haraka zaidi kuliko yalipoachwa bila kitu, na waliopima walitumia hopeini hiyo hiyo. Lakini 2001 watafiti walipochimba maelfu ya mashimo kwenye fukwe zile walikuta mafuta chini bado yana unyevu, bado yana harufu. Mwaka 2010 ikachapishwa sababu mojawapo: ufuo una tabaka mbili. La juu ni changarawe huru, maji yanapita. La chini limeshikamana, maji yanapita kwa shida mno, na mafuta yaliyozama humo yamekaa kwenye maji yasiyo na oksijeni ya kutosha.

Fukwe zile zina baridi, kweli. Lakini mawe ya juu, yenye baridi ile ile, yalisafishika.

Hivyo mjomba alikuwa ameniuliza swali lenye jibu tofauti na lile nililokuwa nalo mfukoni. Wadudu walikuwapo. Chakula kilikuwapo. Pumzi ndiyo iliyokosekana. Wapo bakteria wanaoweza kula bila oksijeni, wakatumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa ile gesi ya harufu ya yai bovu, ila hao mwendo wao ni wa kobe.

Seti ya pili nimeifunga. Nimeosha chupa zote leo leo, nisiamke kesho nikaziona.

24 Desemba

Mji umefunga, maabara kimya. Nimekuja kujaza tu mtungi wa maji wa gurudumu, nikabaki nikisoma.

Watu wa nyumbani wanadhani habari za maji baridi ni za huku kwenye theluji. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka tarehe 20 Aprili 2010 kwenye Ghuba ya Meksiko, ambako juu maji ni ya kuogelea. Watu 11 walikufa, na kisima kilimwaga kwa siku 87. Sehemu ya mafuta haikupanda juu. Ilivunjika matone madogo sana na kuelea kama wingu kwenye kina cha mita 1,100 hivi, na huko maji yalikuwa na nyuzi 5 tu. Wingu lile lilikutwa limejaa bakteria wa kundi la Oceanospirillales, wengi kuliko maji ya jirani, kisha zamu ikawaendea wengine. Baridi ile ile ya chumba changu. Matone madogo, maji mengi, oksijeni ya bahari nzima kuzunguka. Wakala.

Na mbele ya pwani ya kusini ya Tanzania, mahali gesi ilipopatikana kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000, chini kule maji hayafiki nyuzi 4. Bahari ya Hindi ni ya joto kwa juu tu.

12 Januari

Seti ya tatu, chupa 60. Mafuta miligramu 2 kwa lita badala ya 20, yakiwa yameshavunjwa matone nje ya chumba baridi. Zinahitaji oksijeni miligramu 6 au 7, zinazo 10. Nimehesabu mara tatu, na Torill kahesabu ya nne.

21 Januari

Jua! Limetokeza kwenye pengo la milima dakika chache, mji mzima umetoka nje, na kantini imegawa maandazi ya jua, yale yao ya mviringo yenye jemu katikati. Nimekula matatu. Siku ya 7 ya nyuzi 5 niliisoma juzi: kimya bado. Sasa sihangaiki.

9 Februari

Siku ya 28. Kimeng'oka.

Nimechapa chati ya nyuzi 5 nimeibandika mlangoni. Kitana hakina meno ya maana kuanzia kaboni 11 hadi 20 na kitu. Pristeini imesimama peke yake kama mlingoti, nayo imeanza kuinama. Hopeini ipo vile vile. Chupa ya maiti ina meno yote. Oksijeni imebaki. Za nyuzi 15 zilifika hapa siku ya 14, kwa hiyo nyuzi 10 za baridi zimenigharimu mara mbili ya muda, karibu na kanuni ya vitabuni kwamba kazi za uhai hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 unazoshuka. Mara mbili ni wiki mbili za ziada. Miaka ya Alaska haielezeki kwa hesabu hiyo.

Na mbolea? Haikuongeza kitu. Za mbolea na zisizo na mbolea zimekwenda bega kwa bega. Nilidhani nimekosea tena, ila hesabu inakubali: kwa mafuta machache hivi, nitreti ya maji ya kina ya fiodi inatosha. Kwenye bahari wazi, mafuta yakishatawanyika, mbolea ni kazi bure. Ufukweni, yaliporundikana, ndipo inapohitajika. Kiangazi, juu ya bahari, mambo yangeweza kuwa mengine, maana mimea midogo inakuwa imeshamaliza nitreti yote.

Usiku nimetazama tone chini ya hadubini. Nilitegemea duara safi na vidoa. Nimekuta kitu kama tonge lililotafunwa: kingo zimeliwa, ute umelizunguka, na ndani ya ute bakteria wamejipanga wamegeukia mafuta kama ng'ombe kwenye hori la majani. Mwisho mmoja wa tone unavutika, unakatika, vipande viwili. Wanatoa sabuni yao wenyewe.

Namna wanavyokula inanikumbusha muwa. Kimeng'enya cha kwanza kinabandika chembe moja ya oksijeni kwenye ncha ya mnyororo, alkeini inakuwa alkoholi, kisha aldehaidi, kisha asidi ya mafuta. Kufikia hapo ni chakula cha kawaida, sawa na mafuta ya chapati tumboni mwako: unakatwa kaboni mbili mbili, pingili kwa pingili. Ile oksijeni ya kwanza ndiyo meno. Bila hiyo muwa upo mkononi na hakuna pa kuuanzia. Pristeini ni muwa wenye vifundo.

14 Machi

Majibu ya vinasaba. Siku ya 14 kwenye nyuzi 5, chupa zimetawaliwa na Oleispira, pamoja na Colwellia. Siku ya 56 Oleispira ameshapungua, amekuja Cycloclasticus, ambaye anakula haidrokaboni za pete, ngumu zaidi. Alcanivorax borkumensis, ambaye vitabu vyote vinamtaja kwanza, aliyetajwa rasmi 1998 na kupewa jina la kisiwa cha Borkum huko Bahari ya Kaskazini, nimemkuta kwenye nyuzi 15 tu. Kwenye nyuzi 5 hayupo wa kuhesabika.

Oleispira antarctica alitolewa kwenye maji ya ufukwe wa Antaktika, akaelezwa 2003. Anakua kuanzia nyuzi 1 hadi 25, lakini anastawi zaidi kwenye nyuzi 2 hadi 4. Kwake yeye friji ya nyumbani ni kiangazi. Mimi nilikuja na picha ya bakteria anayetetemeka, anakula kwa shida. Huyu hatetemeki. Bakteria wa baridi wana ngozi yenye asidi za mafuta zisizoganda. Wamejipaka alizeti, si nazi. Anayeganda ni mlo wao.

20 Aprili

Jaribio la pembeni, halimo kwenye mpango. Nimekwangua mshumaa. Mshumaa wa parafini karibu wote ni alkeini nyoofu ndefu, meno ya kulia ya kitana, kitu ambacho Oleispira angepaswa kukifurahia. Chembe tatu kwenye maji ya nyuzi 5, wiki tano sasa. Chini ya hadubini wamekaa juu ya chembe, wachache, na kingo bado ni kali kama siku ya kwanza. Chakula ni kile kile, kimekuwa jiwe tu. Nimewaza yale mafuta ya Ziwa Albert.

18 Mei

Mirija mitatu ya kioo, urefu wa mkono, imejazwa changarawe ya ufukweni na mchanga mzito chini yake, mafuta kidogo katikati ya tabaka zote mbili. Maji ya bahari yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji kujaa na kupwa. Ni Alaska yangu ya mezani. Wiki ya tatu leo: juu oksijeni ni ya kutosha, chini kipimo kinagusa sifuri. Nilipofungua bomba la chini kuchukua sampuli, pua ilijua kabla ya mashine. Yai bovu.

Nimempigia mjomba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, hujafa na baridi?" Nikamweleza yote, chupa za maiti, karamu isiyo na hewa, mirija. Alisikiliza kimya, nyuma yake nasikia watu wanashusha samaki.

"Kwa hiyo kijana wa kijiweni kasema kweli nusu."

"Nusu ya juu, mjomba."

Akacheka. Halafu akanyamaza kidogo.

"Sasa hebu niambie. Sisi huku ukiingia mikokoni, ukachoma mguu topeni, harufu inayokupiga ni hiyo hiyo ya yai bovu. Na maji yetu ni ya moto. Ina maana na pale chini hewa hakuna?"

Ubao wa chumba baridi una nafasi ndogo pembeni ya orodha ya chupa. Nimeandika: tope la mikoko, nyuzi 28, mirija mingapi?